Kila Kinachofanya Kazi ya Tumbaku

Rehema na Josefu, mlioshika funguo za duka baada yangu, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Sasa nimepumzika, goti moja linauma na la pili linalionea huruma, basi naona niandike kabla sijaanza kusahau majina ya watu. Habari za kupanda cheo hamtazikuta humu. Katika duka la kijiji mtu hapandi cheo, anapanda stuli kufikia rafu ya juu. Mshahara nao tuuache, haukuwa na mengi ya kusimuliwa. Nitaandika zaidi habari ya tumbaku, kwa sababu tumbaku ndiyo iliyonifundisha kusema hapana, na muuza duka asiyejua kusema hapana ni debe lililotoboka.

Nilianza kazi miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, tulipokuwa tumehama kutoka kwenye matembe yetu ya paa la udongo yaliyotawanyika na kujipanga kwa mistari, huku njia panda ya Mkiwa ikiwa si mbali na sisi. Kijiji kikaamua kuwa na duka lake. Wanaume waliotajwa kuliendesha walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na wapinzani wake. Mimi nilikuwa na darasa la nne la misheni na sikuwa na mpinzani hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenifikiria. Mwenyekiti alipotaja jina langu watu walinyamaza, na kwenye mkutano kunyamaza ni kukubali. Mume wangu, Yohana, aliniuliza jioni ile kama nimefurahi. Nilimwambia sijui, nitajua kesho.

Kesho yake nilimkuta dukani Mzee Hamisi, mtu mwembamba mwenye kofia ya mkeka, ambaye alikuwa muuzaji katika duka la mfanyabiashara mmoja Singida mjini tangu kabla ya Uhuru. Kijiji kilimwomba anifundishe kazi. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa pesa wala mzani. Alinipa rundo la magazeti ya zamani akanifundisha kukunja karatasi iwe kama pembe, ili chumvi isimwagike mteja akiwa njiani. Nilikunja mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Mchana akaichukua mojawapo, akaitia mchanga, akaitikisa juu ya kichwa chake mwenyewe. Haikumwagika. "Sasa unaweza kusalimia wateja," akasema.

Alikuwa na misemo yake. "Mzani hauna shangazi," alikuwa akisema, maana ndugu zangu walikuja wengi wiki ile ya kwanza. Alinifundisha kumsalimu mtu kabla ya kumwuliza anachotaka, kupima chumvi kwa mikono mikavu, na kuyaweka mafuta ya taa mbali na sukari kama wake wenza waliogombana. Lakini kona aliyoichunga kuliko zote ilikuwa ya tumbaku. Hapo palikuwa na sigara, ambazo tuliziuza moja moja. Palikuwa na tumbaku ya kusokota, kamba nene nyeusi tuliyoikata kwa kisu. Na palikuwa na ugoro, tumbaku iliyosagwa pamoja na magadi, ndani ya kopo lenye mfuniko mgumu. Ugoro tuliupima kwa kizibo cha chupa ya soda, na kizibo kile hakikuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote dukani. Hata hivyo harufu yake ilinifuata nyumbani. Mwanangu mdogo alikuwa akipiga chafya kila nilipomnyonyesha.

Wanunuzi wa kona ile walikuwa wazee, lakini waliokuja dukani walikuwa watoto. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Mzee hakuinuka kwenye kigoda chake kwa ajili ya ugoro wakati mjukuu yupo na ana miguu miwili mizima. Mtoto alikuja akishika sarafu ndani ya ngumi, akataja jina la babu au bibi yake, akapimiwa, akaondoka mbio. Hakuna aliyeona jambo la ajabu, mimi nikiwa miongoni mwao.

Kisha ikatokea habari ya Mwajuma. Alikuwa msichana wa darasa la nne, mpole, mwenye kuamkia watu wazima kwa magoti. Asubuhi moja bibi yake alimtuma ugoro kabla ya shule. Mzee Hamisi ndiye aliyekuwa kaunta. Mwajuma akaona akirudi nyumbani atachelewa kengele, basi akaufunga ugoro kwenye upindo wa gauni na kwenda nao darasani. Wakati wa mapumziko yeye na wenzake wakafanya walivyoona bibi zao wakifanya, wakaweka kidogo chini ya mdomo. Wenzake walitema. Mwajuma alimeza.

Mwalimu Petro, aliyekuwa mwalimu mkuu, alituambia baadaye kwamba mtoto alitoka jasho kama mtu aliyemwagiwa maji, akatapika mpaka hakukuwa na cha kutapika, na magoti yakakataa kumbeba. Walimpakia kwenye baiskeli, mwalimu akiendesha na mwanamke mmoja akimshikilia nyuma, hadi zahanati ya Ikungi. Walimlaza huko. Sisi tuliobaki tuliendelea kuuza dukani. Mzee Hamisi alikalia gunia la chumvi, chakula nilichomletea akakiacha kikapoa.

"Mimi ndiye niliyempimia," alisema. "Nilimpimia vizuri kabisa. Hata nilimwongeza kidogo, kwa sababu ana adabu."

Baada ya siku chache Mwajuma alirudi, amekonda lakini anacheka, na kijiji kikapumua. Ila Mwalimu Petro hakupumua. Alimwandikia bwana afya, na bwana afya akaja.

Bwana Elia, bwana afya wetu, alikuwa Mnyiramba wa Kinampanda, kijana mrefu aliyekunja suruali kwa vibanio vya nguo ili isishikwe na mnyororo wa baiskeli. Mara nyingi hakukumbuka kuvitoa, hivyo alihutubia mkutano wa kijiji navyo miguuni. Alipendekeza sheria ndogo ya kijiji: sigara, tumbaku na ugoro visiuzwe kwa mtu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane, hata kama ametumwa. Anayetaka aje mwenyewe, au amtume mtu mzima mwenzake.

Aliyesimama kwanza kupinga alikuwa Mzee Ntandu. Huyu alikuwa baba mkwe wangu. Alikuwa balozi wa nyumba zetu kumi, mtu wa ng'ombe na maneno machache, na ugoro alikuwa ameuvuta tangu ujana wake.

"Mjukuu wangu nikimtuma, huyo si mtoto anayenunua," alisema. "Huo ni mkono wangu umerefuka. Sasa bwana afya anataka kuukata mkono wangu?"

Watu wakaguna kumkubali. Bwana Elia akainama kidogo.

"Mzee, ni kweli kabisa ni mkono wako," akasema. "Shida ni kwamba mkono huu una mdomo wake."

Wapo waliocheka. Mzee Ntandu hakucheka. Bibi yake Mwajuma, aliyekaa mbele na wanawake, alijifunika uso kwa kanga.

Shida ya pili ilikuwa miaka yenyewe. Kumi na minane ya nani, mtu mmoja aliuliza, wakati humu ndani hakuna anayejua yake? Na lilikuwa swali la haki. Sisi tulizaliwa mwaka wa nzige, au mwaka wa njaa fulani, au mwaka ambao mto ulichukua daraja. Bwana Elia alianza kueleza habari ya vyeti vya kuzaliwa, akaona nyuso zetu, akaacha. Ndipo mama mmoja, Mama Zuhura, mkunga wa kienyeji aliyezalisha nusu ya vijana wa kijiji, akanyanyuka.

"Siku ya Uhuru sote tunaikumbuka," alisema. "Kijana aliyekuwa tayari anachunga mbuzi siku ile, leo ni mtu mzima. Binti aliyekuwa tayari anachota maji, vilevile. Aliyekuwa mgongoni au tumboni, bado ni mtoto. Mkibishana, mwulizeni mama yake."

Bwana Elia alihesabu kwa vidole vyake, akahesabu tena, akasema hesabu inakubali, karibu kabisa. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Akatuonya tu kwamba kipimo hicho kitazeeka, na kila baada ya muda itabidi tukisogeze mbele. Mikono ikanyooshwa, sheria ikapita. Mzee Ntandu hakunyoosha mkono, wala wake wala ule uliorefuka.

Sheria ikipita mkutanoni, wote wanakwenda nyumbani, na sheria wanaiacha kaunta. Hilo mlijue mapema, vijana wangu. Atakayeitekeleza ni yule anayeshika kizibo cha chupa.

Wiki ileile, jua likiwa bado linapanda, mtoto wa kwanza kutumwa alikuja. Alikuwa Neema, binti yangu mkubwa, ambaye hata mgongoni hakuwapo siku ya Uhuru.

"Mama, babu anataka ugoro," akasema, akaiweka sarafu juu ya kaunta akisimama kwa ncha za vidole vya miguu.

Mzee Hamisi aliniangalia, kisha akaanza kupanga upya sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri. Nilielewa kwamba ameniachia.

"Mwambie babu shikamoo," nilimwambia Neema. "Mwambie mama amesema hawezi kukupa wewe, lakini jioni atamletea mwenyewe."

"Babu atakasirika."

"Najua. Mrudishie hela yake."

Wenye wakwe wananielewa. Kwetu mkwe mwanamke hamkatalii baba mkwe kitu. Hakai mbele yake ovyo, hapazi sauti, hata jina lake halitamki akiweza kulizunguka. Jioni nilifunga duka, nikapima ugoro kwa pesa yangu, nikampelekea kwa mikono miwili, nimepiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakupokea. Alikuwa akitazama ng'ombe wakiingia zizini. "Nilimtuma Neema. Sikukutuma wewe."

Karatasi ile ya ugoro nilirudi nayo. Tangu siku hiyo hakula tena chakula changu. Sahani yake ilipelekwa kwa mke wa shemeji yangu, nyumba ya jirani, na kila jioni nilisikia akinawishwa mikono huko. Hakunitukana, wala hakulalamika kwa mtu. Alikuwa amenifuta tu, kama mtu anavyofuta hesabu ubaoni. Yohana aliumia katikati. Siku moja aliniambia, kwa upole, "Ungempa tu mtoto. Nani angejua?"

"Neema angejua," nilimjibu. Toka hapo Yohana hakuniuliza tena. Lakini kulikuwa na siku nilizotamani duka liungue.

Mzee Hamisi hakunipa pole. Alinipa mafunzo. Aliona jinsi nilivyokuwa nikiwaeleza watoto waliotumwa, na wazazi wao waliokuja nyuma yao wakifoka, habari ndefu za afya na mkutano na bwana afya.

"Usieleze sana," akasema. "Ukieleza sana mteja anadhani unaomba msamaha. Sema hapana, halafu mpe kiti."

Tukatengeneza benchi la mti wa mninga, tukaliweka ukutani upande wa kivuli. Mzee aliyekuja mwenyewe akihema kwa hasira tulimkalisha, tukampa maji, tukamsikiliza mpaka hasira iishe, kisha tukampimia ugoro wake. Wengi walirudi kesho yake bila hasira. Kesi ngumu zilikuwa za vijana wa katikati. Alikuja mmoja mwenye ndevu na sauti nzito, akataka sigara. Mama yake, akiulizwa, alisema siku ya Uhuru alikuwa bado ananyonya. Ndevu zile alirithi mapema. Akaja mwingine mfupi, uso laini kama yai, nikamnyima. Akaondoka, akarudi na mke wake na mtoto wao mikononi. Nikamwomba radhi, nikamuuzia, na mke wake akanishukia kwa nini nimemuuzia. Kazi ya kaunta ndiyo hiyo.

Tulipoanza kuzoea, akatokea Masudi.

Masudi alikuwa mkulima wa kijiji chetu aliyeweka kibanda kando ya barabara ya kwenda Mkiwa, bado ndani ya mipaka yetu. Aliuza chai, nyembe na viberiti. Sasa akaongeza unga mmoja wa rangi ya kijani kilichoungua, uliofungwa kwenye vikaratasi vidogo. Aliuita pumzisho. Unavutwa puani kama ugoro na unawekwa chini ya mdomo kama ugoro, na aliyeuonja alisema unachangamsha kuliko ugoro. Masudi alimuuzia yeyote. Wazee waliochoka kutembea wakarudia desturi ya kutuma wajukuu, safari hii kwake. Na wapo watoto ambao hawakutumwa na mtu, wakaenda.

Nilimpeleka Bwana Elia kibandani. Masudi alitukaribisha chai.

"Sheria yenu mimi naiheshimu," alisema. "Inasema sigara, tumbaku na ugoro. Hiki si kimojawapo. Ni jani la porini, wanalijua warina asali wa Rungwa. Wananishushia kwenye lori pale Mkiwa."

"Jani gani?" Bwana Elia akauliza.

"Hilo ndilo duka langu, bwana. Nikikwambia, kesho utafungua lako."

"Lakini watoto wanavuta kama tumbaku," nikasema mimi.

"Wanapiga chafya. Hata pilipili inapigisha chafya, Mama Neema. Mtakataza pilipili?"

Waliokuwa wakinywa chai walicheka. Sheria ilikuwa imeandikwa vilevile Masudi alivyosema. Tulirudi tukisukuma baiskeli. Njiani akaniambia kwamba anaweza kuongeza jina la pumzisho kwenye sheria, lakini kabla wino haujakauka Masudi atakuwa na unga mwingine wenye jina jingine. Wiki zile niliwaona watoto wale wale niliowakatalia wakipita mbele ya duka kuelekea barabarani, wengine wakinisalimu kwa furaha. Nilimwuliza Mzee Hamisi kama tumefanya kazi bure.

"Sijui," akasema. Ni mara chache sana alisema hivyo.

Alasiri moja, duka likiwa limejaa wanawake waliotoka shambani, Neema aliingia mbio akasukuma watu mpaka kaunta. "Babu ameanguka," akasema.

Niliacha mzani una sukari juu yake. Tulimkuta Mzee Ntandu ameegemea ukuta wa tembe la ng'ombe, miguu imenyooka mbele, jasho linamchuruzika na mikono inatetemeka. Alikuwa akijitahidi kusema kwa Kinyaturu na maneno hayakukaa. Moyo wake niliusikia nilipomshika kifuani, ulikuwa ukikimbia kama mtu anayekimbizwa. Tulimlaza kivulini, tukamlegeza nguo, tukamgeuza ubavu alipotapika. Yohana akaenda kumleta mganga wa zahanati kwa baiskeli. Kabla hawajafika, moyo ulikuwa umeanza kutulia, naye amefumbua macho. Pembeni yake palikuwa na kikaratasi kidogo kilichofunguliwa, na ndani yake unga wa kijani kilichoungua.

Kitu cha kwanza alichofanya alipoweza kusema ni kumwita Neema.

"Nilipokutuma kwa Masudi," akamwuliza, "ulionja?"

Neema alinitazama mimi kwanza. "Nilinusa kidogo tu, babu. Kichwa kikazunguka. Nikakaa mpaka kikaacha."

"Ulikaa wapi?"

"Kule korongoni."

Korongo lile lilikuwa kati ya kijiji na barabara, na ulikuwa msimu wa mvua. Maji yalikuwa yakishuka humo bila kubisha hodi, mvua ikinyesha mbali ambako huioni. Mwaka uliopita yalikuwa yamechukua ndama wake wawili. Mzee Ntandu aliushika mkono wa mjukuu wake, akautazama kiganja kwa muda mrefu, juu na chini, kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Mganga alipofika alimkuta amekaa, bado ameushika.

Baada ya siku chache aliomba mkutano wa kijiji, yeye mwenyewe. Alisimama akiegemea fimbo, sauti bado dhaifu, na watu wakasogea mbele ili wamsikie.

"Mimi navuta ugoro tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa," alisema. "Pua yangu inajua tumbaku kuliko inavyojua hewa. Nimevuta kitu cha Masudi. Nawaambia, sijui ni jani gani, lakini kazi yake ni ya tumbaku, tena ya tumbaku yenye hasira. Kimeniangusha mimi, mzee. Nilikuwa nimemtuma mtoto akilete, na mtoto akakinusa, akaenda kukaa korongoni."

Akaihamishia fimbo mkono wa pili.

"Nilisema mtoto ni mkono wangu. Mkono wangu ukianguka korongoni, mimi nasikia maumivu. Huyu angekwenda na maji mimi niko nyumbani nakisubiri kikaratasi."

Bwana Elia akauliza sheria iandikwe vipi, maana kila jina likiongezwa litazungukwa.

"Msiandike jina la jani," Mzee Ntandu akasema. "Fisi mwite paka, bado atakula mbuzi. Andikeni kazi yake. Andikeni: sigara, tumbaku, ugoro, na kila kinachofanya kazi ya tumbaku."

Masudi alikuwapo, akanyanyua mkono. Aliuliza kwa adabu ni nani atakayeamua kama kitu kinafanya kazi hiyo.

"Niite mimi," Mzee Ntandu akamjibu. "Nitanusa. Kidogo, safari hii."

Hapo watu walicheka, na Masudi akacheka pia, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. Mikono ikanyooshwa, na wa Mzee Ntandu ulikuwa wa kwanza. Masudi aliruhusiwa kuwauzia watu wazima pumzisho lake. Lakini watu wazima waliokuwa wamesikia habari ya mtu mkakamavu kama Mzee Ntandu kulala chini hawakulitamani tena, na likamchachia mkononi. Mvua zilipokwisha alikuwa akiuza maandazi, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa watoto walewale. Yalikuwa maandazi mazuri. Nami nilinunua.

Jioni ya mkutano ule nilikuwa jikoni nasonga ugali wa uwele niliposikia fimbo mlangoni.

"Mama Neema," alisema Mzee Ntandu kutoka nje, bila kuingia, kama inavyotakiwa. "Leo nakula hapa."

"Karibu baba," nikasema. Nilishukuru kwamba kulikuwa na moshi.

Mwalimu Petro akaiandika sheria ukutani mwa duka, umri na yote, kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Nanyi mmeikuta, ingawa imepakwa upya mara nyingi na kipimo cha Uhuru kilishaondolewa zamani. Lakini lililofuata hatukulipanga. Wazee walipozoea kuja wenyewe, benchi likajaa kila alasiri, tukaongeza la pili. Wakati huo ndio taifa zima lilipokuwa likihimizwa kisomo cha watu wazima, na darasa la Mwalimu Petro pale shuleni lilikuwa na wanawake watupu, wazee walisema shule ni mbali. Mwalimu akapita dukani siku moja, akawaona wamepangana kivulini, wanavuta ugoro na kubishana. Kesho yake alileta ubao mweusi, akauegemeza ukutani mbele yao. Hakuwauliza. Alianza tu na herufi a. Wawili waliondoka kwa kuudhika, mmoja akarudi.

Mzee Hamisi aliishi kuliona darasa lile. Alikuwa akiwapelekea maji, akisahihisha waliokosea, mpaka mwalimu akamwomba aache. Alistaafu muda mfupi baadaye na kwenda kwa mwanawe mjini. Siku aliyoondoka aliniachia mzani na kofia yake ya mkeka, akaniambia kofia ni ya mchana wa jua, mzani ni wa siku zote. Mwajuma alimaliza la saba akaendelea na masomo. Sisi tuliendelea kupima.

Wanaoanza kazi huniuliza kama sheria ile ilizuia kila mtoto. Haikuzuia kila mtoto. Wapo walioiba ya babu zao, wapo waliokwenda kijiji kingine. Lakini nilikaa kaunta miaka mingi, na naweza kuwaambia kwamba ile ngumi ndogo yenye sarafu ikitaja jina la bibi haikuja tena kwa ajili ya ugoro. Ilikuja kwa chumvi, viberiti, kalamu ya risasi. Ikafika wakati mtoto akisikia habari ya kutumwa tumbaku anashangaa, kama mnavyoshangaa ninyi.

Siku moja, mwaka wa pili wa kisomo, Mzee Ntandu alibaki mbele ya ukuta wenzake walipokuwa wamekwisha kaa. Alisimama na fimbo yake, midomo inatembea. Alianza kwa sauti, silabi moja moja, kidole kikifuata herufi bila kuzigusa. Alisoma sigara. Alisoma tumbaku. Kwenye ugoro alikwama, akarudi nyuma, akaupita. Alipofika mwisho alisoma maneno yake mwenyewe, na kila ki-na-cho-fa-nya ka-zi ya tu-mba-ku, akasimama hapo akipumua kwa nguvu. Yalikuwa ndiyo maandishi ya kwanza kuyasoma maishani mwake. Mwalimu Petro alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Kisha mzee akaja kaunta. Nilimwamkia, akaitikia. Nikachukua kizibo.

"Ngoja," akasema. "Pale pameandikwa umri. Mimi hujaniuliza."

Nilitazama chini. Mkwe hamwulizi baba mkwe umri wake. Lakini alikuwa akingoja, na benchi zima lilikuwa likingoja.

"Baba," nikasema, "umetimiza miaka kumi na minane?"

Alifikiri, kwa dhati kabisa, macho yakiwa kwenye ule ukuta.

"Nadhani," akasema, "leo nimeitimiza."

Nikampimia.